Rangi ya Bidhaa: Somo la Sekondari Linaloweza Kuokoa Mzigo wa Mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayevusha bidhaa mpakani huuza rangi kabla ya kuuza bidhaa yenyewe. Mteja wa vitenge pale Tunduma huangalia kwanza wekundu na bluu ya kitambaa, ndipo anapouliza bei. Mnunuzi wa mawese mjini Kigoma hutazama rangi ya mafuta ndani ya dumu. Binzari hupimwa kwa macho, hali kadhalika pilipili ya unga na jinzi za mitumba.

Pamoja na hayo, ni wachache kati yetu wanaojua rangi hiyo imetoka wapi, kwa nini inabadilika na inaweza kutuambia nini. Matokeo yake ni hasara na ugomvi. Chukua mfano wa mawese yaliyopakiwa Rumonge, Burundi, yakiwa mekundu na ya majimaji. Yanapofika kwenye nyanda za baridi yameganda na kupauka. Mnunuzi anakataa kulipa akidai mzigo umechakachuliwa, mwenye mali anamshuku dereva, na dereva hana cha kujitetea. Kumbe huenda hakuna aliyechanganya kitu chochote.

Majibu ya mambo mengi ya namna hii yamo katika masomo ya fizikia na kemia ambayo watoto wetu husoma sekondari. Vifaa vinavyohitajika ni glasi, maji, ndimu, magadi, tochi na kipande cha kitambaa cheupe. Makala haya yanaeleza masomo hayo jinsi yanavyoweza kufundishwa nyumbani au dukani, faida yake kwa mwenye mzigo, na mahali ambapo macho peke yake hayatoshi.

Rangi hutokana na mwanga

Katika miaka ya 1660 Isaac Newton wa Uingereza alipitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo chenye pembe tatu, ukatawanyika kuwa rangi zile zile tunazoziona kwenye upinde wa mvua. Alionyesha kuwa mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Leo tunajua kuwa mwanga unaoonekana na jicho una mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mawimbi mafupi tunayaona kuwa zambarau na bluu, na marefu tunayaona kuwa mekundu.

Kitambaa chekundu kina kemikali inayonyonya sehemu kubwa ya mwanga wa bluu na kijani, na kuurudisha ule mwekundu kwenye jicho. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo usiku. Funika tochi kwa karatasi ya nailoni ya kijani, kisha umulike kitambaa chekundu ndani ya chumba chenye giza. Kitaonekana kama cheusi, kwa sababu hakijapata mwanga mwekundu wa kurudisha.

Hapa ndipo somo linapomgusa mfanyabiashara. Taa za dukani hazitoi mwanga sawa na wa jua. Nyingine zina njano nyingi, nyingine bluu nyingi. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, vikatofautiana vikitolewa nje, kwa kuwa vimetiwa kemikali tofauti za rangi. Mtu aliyeagizwa sare za kwaya au za harusi na akalinganisha sampuli usiku, anaweza kufika kwa mteja na jora lisilofanana na lile la kwanza.

Ushauri ni rahisi. Toka na kitambaa nje mchana, simama kivulini, weka sampuli na mzigo mpya pamoja, kisha ulinganishe. Usikubali kulinganisha rangi kwa picha ya simu, kwani kamera na kioo cha simu navyo hubadilisha rangi.

Mawese yaliyoganda

Tuurudie mzigo wetu wa Rumonge. Mawese huwa mekundu kwa sababu ya karotini, kemikali ya jamii ile ile inayoipa karoti na papai rangi yake. Karotini hunyonya mwanga wa bluu na kuacha wekundu na njano. Mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A, na ndiyo maana mawese huhesabiwa kuwa na faida kwa watoto.

Mawese yana sehemu mbili, moja huganda mapema na nyingine hubaki majimaji. Katika joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika sehemu kubwa hubaki majimaji, na mwanga hupenya ndani ya mafuta. Gari linapopanda kwenye baridi, chembe ndogo za mafuta huganda. Chembe hizo hutawanya mwanga kila upande kabla haujapenya sana, na mafuta huonekana yamefifia na kuelekea njano. Ni sawa na barafu. Kipande kizima huonekana kama kioo, lakini kikipondwa huwa cheupe ingawa ni maji yale yale.

Jaribio la kumtuliza mnunuzi ni hili. Tia mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo na uiweke ndani ya maji ya moto kiasi. Mafuta yakiyeyuka na kurudi kuwa mekundu na maangavu, yaliganda tu. Acha chupa itulie. Ikiwa kuna maji yaliyotiwa, yatashuka chini ya mafuta, kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Chukua sampuli yako kutoka chini ya dumu, si juu peke yake.

Kuna pia kupauka kwa kweli. Karotini huharibiwa na mwanga, hewa na joto kali. Kiwandani mafuta ya mawese yanaposafishwa hupashwa joto linalopita nyuzi 200 za sentigredi, na ndiyo sababu hutoka yakiwa ya njano hafifu. Dumu lisilojaa na lililoanikwa juani siku nyingi nalo hupoteza rangi polepole, na ladha huharibika. Wasafirishaji wanashauriwa kufunika madumu kwa turubai na kuyajaza vizuri. Aidha, ni vizuri mwuzaji na dereva kufunga chupa ya sampuli wakati wa kupakia, kila mmoja akaweka alama yake, na chupa ikakaa gizani hadi safari iishe. Chupa hiyo ikipashwa moto pamoja na mafuta ya kwenye dumu, tofauti ya kweli itaonekana mbele ya wote.

Vitenge: rangi iliyoshikana na rangi iliyokaa juu

Kiswahili kina neno moja, rangi, kwa vitu viwili tofauti. Kuna rangi zinazoyeyuka na kupenya ndani ya uzi, na kuna rangi za unga usioyeyuka ambazo hukaa juu na kushikiliwa na gundi. Rangi ya ukutani ni ya aina ya pili. Vitambaa vinaweza kuwa na aina yoyote kati ya hizo.

Hadi katikati ya karne ya 19, nguo zilitiwa rangi zilizotokana na mimea, wadudu na madini. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Alishindwa kupata kwinini, lakini akapata rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri. Hapo ndipo viwanda vya rangi za kemikali vilipoanza. Nili ya kiwandani iliingia sokoni mwaka 1897, na katika miaka iliyofuata wakulima wa mnili nchini India walipoteza soko lao. Mwaka 1956 zilianza kuuzwa rangi ambazo huungana kikemia na uzi wa pamba wenyewe. Kitenge kilichotiwa rangi za namna hiyo na kusuuzwa vizuri kiwandani hufuliwa muda mrefu bila kufifia.

Nili ina tabia yake. Haiyeyuki kwenye maji, hivyo hubadilishwa kwanza kikemia ili iyeyuke. Uzi hutoka kwenye pipa ukiwa na rangi ya kijani na njano, na hewa huurudisha kuwa bluu. Nili hiyo hubaki zaidi sehemu ya nje ya uzi. Ndiyo sababu jinzi hupauka magotini, na jinzi mpya huacha bluu mikononi. Muuza mitumba asiichukulie jinzi iliyopauka kuwa ni nguo mbovu, bali atazame uzi na mishono.

Jaribio la kitenge linafaa lifanywe kabla ya kununua jora nyingi. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, kisha usugue mara kumi kwenye pembe ya kitenge. Rudia kwa kitambaa kikavu. Kikavu kikitoka na rangi nyingi, kuna rangi iliyokaa juu tu. Kisha kata kipande kidogo na ukifue kwa sabuni mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Maji ya kwanza yakiwa na rangi na ya tatu yakiwa meupe, ilikuwa ni rangi ya ziada iliyobaki kiwandani. Maji ya tatu yakitoka na rangi kama ya kwanza, kitenge hicho kitakurudishia wateja wenye hasira.

Wengine huloweka kitenge kwenye maji ya chumvi ili kukamata rangi. Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi, ndani ya pipa la kiwandani. Haiwezi kuifunga rangi ambayo haikushika tangu mwanzo.

Vitenge vya waksi hupakwa nta au utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo mchoro huonekana karibu sawa mbele na nyuma. Vile vilivyochapwa upande mmoja hufifia nyuma. Lakini siku hizi viko vya kuigiza vinavyochapwa pande zote, kwa hiyo alama hiyo peke yake isikutoshe. Wanaoagiza kutoka Guangzhou au Dubai wanaweza kudai cheti cha uimara wa rangi. Vipimo vya kimataifa vya ISO 105 hutoa alama kutoka 1 hadi 5 kwa kufuliwa na kusuguliwa, na kutoka 1 hadi 8 kwa kukaa juani. Alama kubwa ndiyo nzuri.

Siri ya rangi nyeusi

Wanafunzi hupenda jaribio hili. Kata karatasi laini ya kuchujia, chora mstari wa kalamu ya wino mweusi karibu na mwisho, kisha uichovye ncha kwenye maji bila kuugusa mstari. Maji yanapopanda, mara nyingi wino mweusi hugawanyika kuwa bluu, nyekundu na njano. Kalamu za wino usioyeyuka kwenye maji hazitafaa.

Funzo lake ni kwamba nyeusi mara nyingi ni mchanganyiko. Kitambaa cheusi kikianikwa juani muda mrefu, rangi moja kati ya zilizochanganywa huharibika kabla ya nyingine, na nguo hubaki na wekundu wa udongo au ukijani. Kwa hiyo usitundike nguo nyeusi mbele ya duka kama pambo miezi kadhaa, kisha ukataka kuiuza kwa bei ya mpya.

Ndimu, magadi na binzari

Loweka maua makavu ya choya kwenye maji ya moto, ugawe maji hayo mekundu kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache, ya pili tia ndimu, ya tatu tia magadi kidogo kidogo. Yenye ndimu itazidi wekundu, na yenye magadi itageuka bluu au kijani. Rangi ya choya hubadilika kufuatana na asidi au alkali iliyomo.

Binzari nayo ina kemikali ya njano iitwayo kurikumini. Ikikutana na magadi au sabuni hugeuka nyekundu ya udongo. Ndiyo maana doa la mchuzi kwenye shati huwa jekundu linapofuliwa, kisha likianikwa juani hufifia, kwa kuwa kurikumini haistahimili mwanga. Binzari ya unga ikiwekwa kwenye mfuko unaopenya mwanga hupoteza rangi hata kama ni safi.

Wapo wanaosema kuwa binzari ikigeuka nyekundu kwa magadi basi ni safi. Hilo si kweli, na ni kosa la hatari. Jaribio linaonyesha kuwa binzari imo. Halionyeshi ni kitu gani kingine kimo pamoja nayo.

Pale macho yanapodanganywa

Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao nchini Bangladesh. Waligundua kuwa binzari ilitiwa kromati ya risasi, unga wa njano angavu ambao hutumika kwenye rangi za kupaka. Ulitiwa ili mizizi iliyofifia ionekane mizuri na ipate bei. Risasi hii ni ile ya madini, ambayo huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Serikali ya huko iliendesha msako na kampeni kwa wafanyabiashara, na uchafuzi huo ukapungua sana katika miaka michache.

Angalia kilichotokea. Aliyeongeza rangi hakuwa anatafuta kuua mtu. Alikuwa anamridhisha mnunuzi aliyependa binzari ya njano kali. Binzari kama hiyo ikitiwa magadi bado hugeuka nyekundu, kwa kuwa kurikumini imo. Hakuna jaribio la jikoni linaloweza kuiona risasi. Ni maabara peke yake.

Rangi za jamii ya Sudan ni mfano mwingine. Hilo ni jina tu la kundi la rangi nyekundu za kiwandani zinazoyeyuka kwenye mafuta, zinazotumika kwenye nta na rangi za viatu. Haziruhusiwi kwenye chakula, kwani zinashukiwa kuleta saratani. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulianza kudai cheti cha maabara kwa kila mzigo wa pilipili, na mwaka 2005 ukaongeza binzari na mawese. Mwaka huo huo wa 2005 zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani Uingereza, chanzo kikiwa ni pilipili ya unga iliyotiwa rangi hiyo na kuingia kwenye sosi moja iliyotumika katika vyakula vingine vingi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana nayo ilikuta rangi ya Sudan IV kwenye mawese sokoni.

Mnunuzi wa mpakani ajihadhari na wekundu au unjano unaopita kiasi, hasa ukija na bei ya chini. Ni salama zaidi kununua binzari nzima iliyokauka, ambayo ikivunjwa huonyesha rangi ya ndani, na kuisaga mwenyewe. Rangi ya kweli huonekana hadi katikati ya mzizi. Njano kali ya vumbi nje huku ndani pakiwa pamefifia ni sababu ya kuuliza maswali.

Neno kwa madereva kuhusu mafuta ya gari

Madereva wengine hupima dizeli kwa kuitazama kwenye chupa. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hayabadilishi rangi kiasi cha kutambulika kwa uhakika, na rangi yenyewe hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Ndiyo sababu Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa ndani ya nchi. Vinasaba hivyo havionekani kwa macho, hupimwa kwa mashine. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei yake ikaribie ya dizeli na tamaa ya kuchanganya ipungue. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo nunua kwenye kituo kinachotoa risiti, na uitunze. Injini ikiharibika, risiti itakusaidia kuliko chupa.

Cha kumfundisha kijana wa dukani

Mzazi au tajiri anaweza kutenga jioni moja na kufanya majaribio haya pamoja na vijana wake. Kwanza tochi na nailoni, ili ajue kulinganisha rangi nje mchana. Pili chupa ya mawese na maji ya moto, ili aweze kutofautisha kuganda na kuchakachuliwa. Tatu kitambaa cheupe na kitenge. Nne wino na karatasi. Tano choya, ndimu na magadi. Mwulize kila mara maswali mawili: jaribio hili limetuonyesha nini, na halikutuonyesha nini? Swali la pili ndilo linalomlinda mteja.

Kwa vyakula vinavyovuka mpaka, upimaji hufanywa na mashirika ya viwango: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda, RSB kwa Rwanda, BBN kwa Burundi, na OCC kwa upande wa Kongo. Wengi huyaona kama kizuizi cha barabarani. Lakini cheti cha maabara ndicho kitu pekee kinachoweza kumwambia mnunuzi wa ng'ambo kuwa njano ya binzari yako imetoka shambani, na kumwambia mama anayempikia mtoto wake jambo ambalo macho yake hayawezi kuliona.